Usiniombe Namba ya Fundi wa Uzio, Nenda Kaangalie Kona



Kila mwaka masika yakikaribia kuisha, simu yangu inaanza kupokea swali moja: "Bwana shamba, unamjua fundi mzuri wa uzio?" Anauliza aliyechoka kufukuza ng'ombe kwenye mahindi yaliyo nyuma ya nyumba. Anauliza mama mwenye kuku ambao mbwa wa jirani anawamaliza mmoja mmoja. Mwenye duka anayetaka kuzungushia nyumba yake na stoo ya mazao naye anauliza. Zamani nilikuwa natoa namba palepale. Siku hizi sitoi, na najua wapo wanaosema nimekuwa na roho mbaya. Leo nataka nieleze sababu.

Miaka minne iliyopita mama mmoja mfugaji wa mbuzi, jirani na ofisi yetu, aliniomba fundi. Nikampa namba ya kijana niliyemfahamu kwa kazi ya kutujengea kitalu cha miche. Kitalu kilikuwa kizuri kweli, vichanja vimenyooka, kivuli kimekaa sawa. Lakini uzio wake nilikuwa sijauona hata mmoja. Nilimjua kwa kazi moja nikamdhamini kwa kazi nyingine, na kosa hilo ni langu, si lake peke yake.

Siku ya kukabidhiwa uzio ulipendeza. Mistari mitano ya seng'enge imekaza, ukiigusa inalia. Mama alifurahi, akanitumia na mayai. Masika yalipoingia, nguzo za kona zikaanza kuinamia ndani. Kona ikiinama, waya wote wa pande mbili unalegea. Mbuzi wakapita katikati ya mistari kama wanapita mlangoni, wakaingia kwenye maharage ya jirani yaliyokuwa yametoa maua. Kesi ikafika kwa mwenyekiti wa kitongoji, fidia ikapangwa, mama akauza mbuzi wawili kulipa. Tulipokutana nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu tu, "Bwana shamba, yule kijana wako kaniharibia." Neno "wako" liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilikwenda kuchimba kona moja mwenyewe. Nguzo ilikuwa imeingia ardhini futi moja na kidogo. Hakuna sapoti, hakuna zege, pembeni kumejazwa vipande vya matofali na udongo usioshindiliwa. Yote hayo yalikuwepo siku ile tunausifia uzio, ila tulikuwa tunaangalia waya.

Ndiyo maana nasema ukitaka kumjua fundi wa uzio, angalia kona. Nguzo za katikati kazi yake kubwa ni kushikilia waya usidondoke. Nguzo ya kona ndiyo inayovutwa. Mistari mitano ikikazwa upande mmoja na mitano upande wa pili, nguvu yote inaishia pale konani, usiku na mchana, jua na mvua. Vivyo hivyo nguzo za geti. Fundi asiyejua kazi, au anayeijua lakini anataka kumaliza haraka, hapo ndipo anapopunja, kwa sababu shimo refu linachosha na mteja haoni kilichofukiwa.

Kwa nguzo ya mita 2.4, yaani futi nane, shimo la sentimita 60 ni la chini kabisa kwa nguzo za katikati. Kona na geti ziende chini zaidi, sentimita 75 hadi 90, na nguzo yenyewe iwe nene kuliko nyingine, na ndefu zaidi ili juu zilingane. Kona iwe na sapoti mbili, moja kila upande ambao waya unatokea, na mguu wa sapoti ukae juu ya jiwe kubwa au zege. Ukikaa kwenye udongo mtupu, mvua ya kwanza unazama. Kwenye mstari mrefu, fundi mzuri anaweka nguzo nyingine yenye sapoti katikati, hategemei kona mbili peke yake. Kama nguzo imewekwa kwa zege, waya usikazwe kesho yake. Mwambie asubiri wiki moja, na zege limwagiliwe maji.

Kwa hiyo fundi akija kwako na picha kwenye simu, mwambie asante, halafu muulize: nipeleke kwenye uzio uliojenga ambao umepita masika mawili. Picha haioneshi kilicho chini ya ardhi, na uzio wa mwezi jana hata wa kijana wangu ulikuwa mzuri. Ukifika, sukuma nguzo ya kona kwa bega. Tazama kama sapoti imeachia. Angalia mstari wa chini, kama kuna nafasi mbwa anapita. Fungua geti uone kama linaburuza chini. Kisha, na hili ni muhimu, rudi siku nyingine bila fundi uongee na mwenye nyumba. Muulize alisema siku ngapi na akatumia siku ngapi, na kilipolegea kitu alirudi au alizima simu. Watu wakiwa wawili husema ukweli ambao mbele ya fundi hawausemi.

Fundi asiye na uzio hata mmoja wa kukuonesha si lazima awe mbaya, huenda ndiyo anaanza. Mpe kibanda cha kuku kwanza. Usimpe kiwanja kizima.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana hapa ndipo pesa nyingi inapopotelea. Usikubali fundi akuandikie orodha kabla wewe hujapiga hesabu yako. Hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. Chukua kiwanja cha mita 30 kwa 40. Mzunguko wake ni 30 jumlisha 40 jumlisha 30 jumlisha 40, unapata mita 140. Toa geti la mita 4, zinabaki 136. Ukiweka nguzo kila baada ya mita 2.5, unahitaji nguzo kama 55, halafu ongeza miti minane ya sapoti kwa kona nne, na miwili ya sapoti ya geti. Seng'enge mistari mitano ni 136 mara 5, mita 680. Weka 700 kwa ajili ya kuzungushia kwenye kona. Fundi akikuletea orodha ya nguzo 80, usimwite mwizi. Muulize tu nguzo 25 za ziada zinakwenda wapi. Inawezekana kiwanja kina mteremko au kona iliyojificha, na atakueleza. Akianza kubabaika, umeshajua.

Kuhusu waya, wengi tunadanganyika na namba. Geji ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.6, geji 12 inazidi milimita 2.5. Ndiyo maana roli mbili zenye uzito sawa zinaweza kuwa na urefu tofauti kabisa. Dukani usiulize bei ya roli tu, uliza geji, uliza mita, na angalia kama rangi ya bati inayozuia kutu imeenea vizuri hadi kwenye miiba. Walioko karibu na bahari, Bagamoyo, Kilwa na kwingineko, wanajua jinsi upepo wa chumvi unavyokula waya. Huko waya mwembamba wa bei nafuu ni hasara ya mapema.

Nguzo za mti nazo zina siri zake. Mkaratusi mbichi usiotiwa dawa, kwenye udongo wenye mchwa, unaweza kuanguka ndani ya msimu mmoja au miwili. Oili chafu ambayo tumezoea kupaka inakaa juujuu tu, mchwa wanapita kwenye nyufa. Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani zina rangi ya kijani kijani, nazo hudumu, ila usimruhusu fundi akate upande utakaoingia ardhini. Dawa mara nyingi haifiki kwenye moyo wa mti, ukikata chini umewafungulia mchwa mlango. Kama ni lazima kukata, ukatwe upande wa juu. Na vipande vilivyobaki jamani visiende jikoni. Dawa inayotumika sana kwenye nguzo hizo ina sumu, na moshi wake ni hatari kwa anayepika na watoto wanaokaa naye. Nimeshakuta sehemu vinatumika kuchemshia maharage, nikaomba vizimwe.

Misaji ni mizuri, lakini angalia ulipokatwa. Sehemu ya kahawia ya katikati ndiyo imara, ile nyeupe ya pembeni inaoza na kuliwa kama mti mwingine. Misaji michanga inayotokana na kupunguza miti shambani ina weupe mwingi. Nguzo za zege zinazouzwa kando ya barabara ziulizie zilimwagiliwa siku ngapi na zina nondo ngapi. Iliyopasuka au yenye chuma kinachochungulia nje iache hapohapo.

Udongo nao unatofautiana. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa maeneo mengi ya Shinyanga na Simiyu, ardhi inavimba masika na kupasuka kiangazi, na nguzo inasukumwa huku na huku. Huko chimba zaidi. Kwenye kichanga cha Pwani shimo linabomoka, kwa hiyo zege la kona si anasa. Fundi aliyetoka mkoa mwingine na kuja na kipimo kimoja kwa udongo wote, mwangalie vizuri.

Na kuna suala la cha juu. Fundi anakupeleka kwenye duka fulani, anasisitiza ni hapohapo tu, kumbe kwenye kila roli ana chake. Sisemi kila fundi yuko hivyo. Nasema nunua mwenyewe, kwa pesa yako, kwa risiti yenye jina lako, na umchukue fundi aje kukagua ubora. Nanyi wenye maduka ya vifaa vya ujenzi vijijini, ambao najua mnasoma hapa, fikirieni kidogo. Mteja akigundua alipandishiwa bei ili fundi apate chake, harudi, na habari inafika kwenye kikundi cha VICOBA kabla ya jioni. Bei moja kwa kila mtu inauza polepole lakini inauza miaka.

Sasa mpaka. Nimeona familia zilizokuwa zinaombana chumvi hazisalimiani kwa sababu ya nguzo iliyosogea hatua mbili. Fundi hajui mpaka wako, anachimba unapomwonesha. Na mimi hiki ndicho kipimo changu cha pili cha fundi baada ya kona: akija kupima, je, anakuuliza "jirani yako anajua?" Anayeuliza hivyo ameshaona kesi, na hataki jasho lake ling'olewe. Asiyeuliza anataka pesa yake tu aondoke.

Kabla shimo la kwanza halijachimbwa, waite majirani wa pande zote pamoja na mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Vuta kamba kutoka pembe hadi pembe, piga vigingi, na uiache kamba ilale siku mbili tatu watu waione. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni, tafuteni hizo kwanza, na mtu asiing'oe hata kama imekaa njiani kwa geti, kwa sababu kuiondoa ni kosa kisheria. Mkishindwa kuelewana kijijini, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo limewekwa kwa ajili ya kusuluhisha mambo kama haya. Kikao cha nusu siku ni nafuu kuliko kung'oa nguzo 20.

Walio kando ya barabara kuu na za mkoa, zinazosimamiwa na TANROADS, wakumbuke kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Uzio wako ukiwa ndani ya hizo, siku ukiwekewa alama ya X hakuna fundi atakayekurudishia gharama. Kwa barabara za TARURA waulizeni ofisini kwao upana wa barabara husika. Wenye viwanja karibu na mto au chanzo cha maji, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazungumzia mita 60. Na ile njia ya watu kwenda kisimani, au mapito ya mifugo yaliyokuwepo kabla yako, ukiyafunga kwa seng'enge utakatiwa waya usiku, na mimi sitashangaa.

Makubaliano yaandikwe. Karatasi moja ya daftari inatosha: majina, urefu wa uzio kwa mita, mistari mingapi, kina cha mashimo ya kona na ya kawaida, umbali kati ya nguzo, bei, siku ya kuanza na kumaliza, na saini zenu na za shahidi mmoja kila upande. Andikeni pia mambo madogo, kwa sababu ndiyo yanayoleta ugomvi. Nani anateka maji ya zege? Geti limo kwenye bei ya mita au ni pembeni? Chakula cha mchana ni cha nani? Kibarua akiumia, nani anampeleka zahanati? Bei ya kila mita inayosikika ndogo mara nyingi imeacha haya yote nje, kisha inaongezeka kidogo kidogo hadi inampita yule uliyemwona ghali.

Malipo usitoe nusu mwanzoni. Najua fundi atasema ana nauli na vibarua. Mpe ya kuanzia kazi, kama sehemu ya kumi au zaidi kidogo, basi. Malipo makubwa ya kwanza yatoke mashimo yakishachimbwa na wewe ukishayapima. Kata kijiti, weka alama ya sentimita 60 na ya 90, pita shimo kwa shimo kabla nguzo haijaingia. Hii ndiyo saa yako, nguzo ikishafukiwa huna tena cha kupima. Sehemu nyingine itoke nguzo zikisimama, nyingine waya ukikazwa, na asilimia kumi ibaki hadi mvua kubwa ya kwanza ipite au muda mtakaokubaliana. Fundi anayejiamini hukubali, hata kama ataguna.

Lakini nasi wateja tuna makosa. Unamwita fundi, vifaa havijafika, anakaa siku tatu bure. Katikati ya kazi unaongeza mstari wa sita na hutaki kuongeza pesa. Akimaliza unaanza kutafuta kasoro ili ile asilimia kumi ibaki mfukoni. Nimesuluhisha kesi za aina hii, na mara nyingine mwenye nyumba ndiye alikuwa mkosaji. Fundi aliyedhulumiwa mara mbili hujifunza kupunja mara ya tatu, na anayekuja kuumia ni jirani yako.

Jambo moja sitaki mzaha nalo kabisa. Wapo wanaojiita mafundi wanaoahidi kukuwekea "uzio wa umeme" kwa kuunganisha waya moja kwa moja kutoka kwenye soketi ya nyumba. Mfukuze. Huo si uzio, ni mtego wa kuua mtoto anayefuata mpira, au wewe mwenyewe ukitoka usiku. Uzio wa umeme wa kweli unatumia mashine maalumu inayopeleka mshtuko mfupi kwa vipindi na kumshtua mnyama bila kumuua, na unawekwa na mtaalamu pamoja na vibao vya tahadhari.

Kama pesa haitoshi, maoni yangu ni haya: usizungushe kiwanja chote kwa uzio dhaifu. Zungushia vizuri banda na uwanja wa kuku, au bustani, na mpaka uliobaki panda michongoma au minyaa. Utasubiri misimu kadhaa lakini hutanunua waya. Minyaa ikatwe kwa uangalifu, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, watoto wasitumwe kazi hiyo.

Yule mama tulimsaidia kutafuta fundi mwingine. Safari hii sikumpa namba, tulikwenda pamoja kuona nyuzio tatu katika vijiji viwili, na yeye ndiye aliyesukuma kona kwa bega lake. Wa tatu ndiye aliyempa kazi, na hakuwa wa bei ya chini. Jirani wa maharage aliitwa kuvuta kamba.

Kwa wanaotaka kuanza, huku kwetu mwezi Juni ni mzuri. Masika yameisha, ardhi bado ina unyevu, jembe na mtaimbo vinaingia, na shimo la sentimita 90 halimtishi mchimbaji. Ukisubiri Septemba ardhi inakuwa kama jiwe, na hapo ndipo mashimo yanapofupishwa. Anza kutembelea kona za watu sasa hivi, na ukitaka tuongozane, ofisini nipo Jumatatu na Alhamisi asubuhi.